Putin wa jirani yangu

Jirani yangu alikuwa anapuliza majani uwanjani kwake na ile mashine yenye kelele za kuamsha mtaa mzima, aliponiona nasogeza mapipa ya taka barabarani akaizima, akaja mpaka kwenye uzio. Hapa ni Columbus, Ohio, mwezi wa kumi 2025, wiki ileile serikali ya Trump ilipoyawekea vikwazo makampuni mawili makubwa ya mafuta ya Urusi, Rosneft na Lukoil. Mzee akavua miwani akaanza kuipangusa na shati. Akasema, "Huyu Putin ni mwongo. Mi nilishasema siku nyingi."

Nikaguna tu.

Maana mwezi wa tatu mwaka huohuo, palepale kwenye uzio, alinishika karibu nusu saa akinieleza kwamba Putin ni mtu wa kueleweka kabisa, anataka kuheshimiwa tu, mwenye matatizo ni Zelensky aliyekwenda White House kuomba hela bila suti wala asante. Na 2022 vita vilipoanza huyuhuyu mzee alichomeka kibendera cha Ukraine kwenye kibaraza chake, bluu na njano, kikakaa hapo mvua na jua. Sijui kiliondoka lini. Siku moja nilitazama, hakipo.

Ni mtu mwema, niseme hilo mapema kabla hamjaanza kumchora vichwani mwenu. Baridi ya kwanza tulipohamia hapa alitutolea theluji mlangoni hata hatujaamka, na mke wangu akipika pilau lazima sahani moja ivuke uzio. Miaka ya 80 alikuwa askari wa jeshi la Marekani kule Ujerumani Magharibi, yaani ujana wake kautumia kusubiri vifaru vya Warusi vije. Kwenye gereji yake kuna picha ya Reagan kwenye fremu, na pembeni yake kofia nyekundu ya Trump imening'inia kwenye msumari.

Ile "nilishasema siku nyingi" ilinikaa kichwani wiki kadhaa. Kubadilika si kosa, mtu akiona mambo mapya abadilike tu, wala sina ugomvi na hilo. Kilichonisumbua ni kwamba mzee hakuwa anadanganya. Nilimtazama usoni. Alikuwa anaamini kabisa kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo.

## Orlando, mara mbili

Tarehe 8 Machi 1983 Reagan alisimama Orlando, Florida, mbele ya mkutano wa wainjilisti, akauita Umoja wa Kisovieti dola la uovu. Kwa mtu wa Republican wa rika la jirani yangu hotuba ile iliingia damuni. Moscow ndiyo ilikuwa kipimo cha nani mzalendo na nani wa kutiliwa shaka, na Mdemokrat akionekana kalegea hata kidogo kwa Warusi alichapwa nalo mpaka uchaguzi uishe.

Sasa twende mwezi wa pili 2021. Mji uleule, Orlando. Mkutano mkubwa wa wahafidhina, wenyewe wanauita CPAC, na ndani ya jengo linasukumwa sanamu la Trump la rangi ya dhahabu. Koti la suti, tai nyekundu, kaptula ya bendera ya Marekani, ndala miguuni, kifimbo mkononi. Watu wanapanga foleni kupiga nalo picha. Aliyelitengeneza ni msanii wa Kimarekani anayeishi Mexico na sanamu lenyewe lilitengenezwa hukohuko Mexico, jambo ambalo nilivyolisoma nilicheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Ila sanamu ni la kuchekesha tu, kila nchi ina watu wa kuchonga masanamu. Kilichonitisha zaidi ni karatasi ambayo haikuandikwa.

Agosti 2020 chama cha Republican kilienda kwenye uchaguzi bila kuandika ilani mpya. Wakapitisha azimio kwamba chama kitaendelea kuiunga mkono kwa shauku ajenda ya rais, basi, imetoka hiyo. Jamani, sisi wengine tumekulia kwenye nchi za ilani. Tunajua ile ilani ya CCM inasomwa na wangapi. Lakini hata chama ambacho mwenyekiti wake hapingwi hadharani kinakaa, kinaunda kamati, kinaandika kitabu kizima cha ahadi za barabara na zahanati, kwa sababu chama kinaona haya kusema "sisi tunataka anachotaka yeye". Wenzetu hapa haya hiyo iliwatoka.

Na kama ilani ni mtu, basi adui naye ni yule ambaye huyo mtu kamnunia asubuhi hiyo.

## Putin akapanda bei

Kuna namba ambazo nimezirudia mara nyingi sana wiki hizi, nikitafuta kasoro.

Mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya Urusi kuitwaa Crimea toka Ukraine, Gallup, wale wa kura za maoni, waliwauliza Wamarekani wanamwonaje Putin. Kwa Warepublican, 12 tu kati ya 100 walimwona vizuri. Wakauliza tena mwezi wa pili 2017, Trump ana mwezi tu madarakani. Wakawa 32. Upande wa Wademokrat wakati huohuo wakashuka, toka 15 mpaka 10.

Katikati hapo Putin alimfanyia nini Mmarekani wa kawaida? Kwa kweli sikioni. Alipeleka ndege za kivita Syria. Wadukuzi wa serikali yake waliiba barua pepe za Democrats. Kilichobadilika ni kwamba alitokea mgombea aliyemsifu Putin kwenye kila kipaza sauti, aliyesimama mwezi wa saba 2016 akasema Urusi kama mnanisikia natumaini mtazipata barua pepe elfu 30 za Hillary, mpinzani wake, zilizopotea. Kufika mwezi wa saba 2018, Warepublican 40 kati ya 100 walikuwa wanasema Urusi ni rafiki au mshirika wa Marekani. Mwaka 2014 walikuwa 22.

Mwezi uliofuata, Agosti 2018, hapahapa Ohio, kaunti ya Delaware, ukitoka Columbus unaendesha kidogo tu kwenda kaskazini, Trump alifanya mkutano wa hadhara. Wanaume wawili wa makamo wakapigwa picha ikasambaa dunia nzima. Fulana zao zimeandikwa: afadhali niwe Mrusi kuliko kuwa Democrat.

Isome tena taratibu.

Pamoja na kutajwa, Urusi haimo kwenye ile fulana. Wale jamaa sidhani kama wanajua rubo moja ni senti ngapi, na ungewaambia wahamie Moscow kesho wangekutazama kama umelewa. Anayepigwa pale ni jirani, yule wa mtaa wa pili mwenye bango la Obama. Mrusi kaazimwa tu, kama fimbo.

Halafu Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine na namba za Putin zikaporomoka pande zote, ndio wakati ule wa kibendera cha mzee. Pew, nao ni watu wa kura za maoni, waliuliza Machi 2022 kama Marekani inaisaidia Ukraine kupita kiasi, Warepublican 9 tu kati ya 100 wakasema ndiyo. Desemba 2023 walikuwa 48. Mwaka 2024 waliosema Urusi ni adui walikuwa 58, na 2025, miezi michache baada ya Trump kurudi, wakabaki 40. Vita ni vilevile. Makombora yaleyale, miji ileile.

Niseme na upande wa pili wa hizi namba maana zinatumiwa vibaya sana. Thelathini na mbili sio wengi. Wakati wowote ule Warepublican walio wengi hawakuwahi kumpenda Putin, hata pale mambo yalipokuwa matamu. Na 2017, huku Trump anamsifu, Baraza la Seneti lilipitisha vikwazo dhidi ya Urusi kwa kura 98 kwa 2, Trump akasaini huku amenuna. Kwahiyo anayekwambia chama kizima kiligeuka kuwa cha Kremlin anakuuzia gazeti.

Ni wachache waliosogea. Ila waliosogea, walisogea bila mtu kuwaeleza kwa nini.

## Ila Reagan naye alibadilika

Hapa ndipo nilipokwama, na makala hii ikakaa kwenye simu bila kuendelea.

Nilikuwa nimeshajiandalia hoja yangu safi, kwamba ukibadilisha mtazamo wako juu ya adui kwa sababu kiongozi wako kabadilisha, basi umeshaingia kwenye ibada ya mtu. Halafu nikakumbuka ile picha ya kwenye gereji. Mwisho wa Mei 1988 Reagan, yuleyule wa dola la uovu, alikuwa Moscow na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, mwandishi akamuuliza kama bado anaamini ni dola la uovu. Akajibu hapana, ile ilikuwa ni wakati mwingine, zama nyingine.

Na watu wake wengi wakamfuata. Na ilikuwa vizuri walivyomfuata! Miezi michache kabla, Desemba 1987, walikuwa wamesaini mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati, yaleyale ambayo jirani yangu kule Ujerumani alikuwa analala akiyafikiria. Sasa nikajiuliza, kama kumfuata kiongozi ilikuwa busara 1988, kwa nini iwe upumbavu 2018? Au mi ndio nina chuki tu na Trump natafuta nadharia ya kuivika?

Swali hilo lilinitesa.

Nikarudi kusoma yaliyotokea ndani ya chama wakati ule, na hapo ndipo tofauti ilipoanza kuonekana. Reagan alipigwa. Wahafidhina wenziwe, waliomchangia hela na kumpigia kura mara mbili, walimwandama kwelikweli. Kiongozi mmoja wa makundi yao, Howard Phillips, alimwita mjinga anayetumika na propaganda za Kisovieti. Kulikuwa na matangazo kwenye magazeti yanamlinganisha na Chamberlain, yule Waziri Mkuu wa Uingereza aliyerudi toka kwa Hitler anapunga karatasi. Maseneta wa chama chake wakataka kujua hayo makombora yatahakikiwa vipi kwamba kweli yameharibiwa, wakaguzi wataingia viwanda gani, ikawa miezi ya kuhojiana. Mwishowe mkataba ukapita Seneti kwa kura 93 kwa 5.

Yaani mtu aliyependwa kuliko wote kwenye chama kile, mwenye picha mpaka kwenye magereji, alidaiwa maelezo na watu wake mwenyewe. Akayatoa.

Sasa nitajieni nani ndani ya Republican alimdai Trump maelezo na akabaki salama. Romney alikuwa seneta pekee wa chama chake aliyepiga kura kumtia hatiani Februari 2020, kwenye kesi iliyoanzia kwenye simu ya Trump kwa Zelensky, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuzomewa kwenye mikutano ya chama nyumbani kwake Utah. Liz Cheney, mtoto wa Dick Cheney, jina ambalo miaka ya 2000 lilikuwa ndio Republican yenyewe, alivuliwa uongozi bungeni Mei 2021 na Agosti 2022 akaangushwa kwenye kura za mchujo Wyoming, tena vibaya. Yeye alidai maelezo ya uchaguzi wa 2020 na uvamizi wa bunge, Urusi wala haikuwa kesi yake. Lakini wengine waliokuwa wanatazama walijifunza somo kwa mada zote.

Kwahiyo kipimo nilichokipata, kama ni kipimo, ni hiki: ukitaka kujua kama watu wanampenda kiongozi au wanamwabudu, usiangalie kama wanabadilika naye. Angalia kama akibadilika wanamuuliza.

## Walipomzomea

Na bado sikuridhika, kwa sababu kuna siku watu wa Trump walimkatalia.

Agosti 2021, Cullman, Alabama. Huko ni ngome yake kabisa, hakuna kofia ya rangi nyingine. Trump akawaambia umati nawashauri mpate chanjo ya corona, mi nimechanja, ni nzuri. Wakamzomea. Yeye! Akarudi nyuma harakaharaka, akasema sawa, mna uhuru wenu, ila mi nilichanja. Akaendelea na mambo mengine.

Kama ni ibada kamili kama tulivyozoea kuisoma, ile ya Stalin au ya Kim, hicho kitu hakitokei. Na 2025 tena kwenye zile faili za Epstein aliwaambia waachane nazo, hawakuachana nazo, mpaka mwezi wa kumi na moja bunge likapiga kura 427 kwa 1 zitolewe.

Kwahiyo watu hawa wana uwezo wa kusema hapana. Basi kwa nini kwenye Urusi hawakusema?

Nadhani jibu ni la kibahili tu. Sindano inaingia kwenye mkono wangu. Bei ya mayai naiona mwenyewe kila Jumamosi dukani Kroger, mtu hawezi kunipangia niione vipi. Lakini Putin? Putin simjui, sijawahi kukutana naye, akiwa mzuri au mbaya chakula changu cha jioni ni kilekile. Maoni yangu juu yake ni kama mchango wa harusi ya mtu ambaye si ndugu: natoa ili jina langu lisikosekane kwenye orodha ya kamati, na natoa kile ambacho hakitaniuma. Adui wa nje ndio mali ya kwanza mtu kuitoa akitakiwa aoneshe yuko upande gani, kwa sababu haimgharimu.

Haimgharimu yeye. Kharkiv, huko Ukraine, ni hadithi nyingine.

Kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Barber na Pope, walifanya kitu cha kijanja mwaka 2017. Waliwapa watu sera, mshahara wa kima cha chini, kodi, bunduki, mambo ya namna hiyo. Wengine wakaambiwa Trump anaunga mkono upande wa kihafidhina, wengine wakaambiwa Trump anaunga mkono upande wa kiliberali, na vyote viwili viliaminika kwa sababu Trump mwenyewe alikuwa ameshasema vyote viwili. Warepublican wengi wakamfuata kokote alikoelekezwa, hata kule kwa kiliberali. Na waliofuata zaidi ni wale waliojiita Warepublican damu, na wale wasiojua siasa kwa undani. Wanaojua kidogo na wanaopenda sana. Sasa kama kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho ni hela ya mfukoni, ilikuwa hivyo, kwa Crimea unategemea nini.

## Upande wa pili nao

Rafiki zangu Wademokrat wa hapa kazini walifurahi sana nilipowasimulia habari ya mzee. Wakacheka. Nikawauliza kidogo tu kuhusu 2012.

Kimya.

Machi 2012 Obama akiwa Seoul kipaza sauti kilimnasa anamwambia Medvedev, rais wa Urusi wakati huo, kwamba baada ya uchaguzi atakuwa na nafasi zaidi ya kulegeza. Siku hiyohiyo Romney, aliyekuwa anawania urais dhidi ya Obama, akaenda CNN akasema Urusi bila shaka ndio hasimu namba moja wa Marekani duniani. Na mwezi wa kumi kwenye mdahalo Obama akamkata: miaka ya 80 inapiga simu, inataka sera yake ya nje irudishwe. Ukumbi wa Democrats nchi nzima ulianguka kwa kicheko. Nilikuwa sijafika Marekani bado, lakini niliangalia ile klipu Dar, na mimi nilicheka, ilikuwa imesemwa vizuri mno.

Mwaka na nusu baadaye Crimea ikachukuliwa. Na baada ya 2016 Wademokrat walewale wa kicheko wakawa hawawezi kumaliza sentensi bila kutaja Kremlin. Kila Mrepublican ni wakala, kila akaunti yenye jina geni ni roboti wa St. Petersburg. Walikuwa na haki ya kukasirika, udukuzi ulikuwa wa kweli. Lakini hasira ile haikuanzia kwenye vita vya Urusi na Georgia 2008 wala Crimea 2014, ilianzia usiku wa Novemba 2016 walipopoteza. Nao walikuwa wanazunguka jua lilelile, wao tu walikuwa wanalizunguka kwa kinyume.

Ila kuna mtu mmoja kwenye habari hii namheshimu. Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje wa zamani, mama aliyekimbia Czechoslovakia akiwa mtoto, 2012 alikuwa miongoni mwa waliomponda Romney. Februari 2019 akakaa mbele ya kamati ya bunge akasema nina deni la kumwomba radhi Romney, nilikuwa nimelidharau hilo suala. Hivyo tu. Nilisema nini wakati ule, sasa nasema nini, na katikati nilikosea wapi.

Ndicho ambacho mzee wangu hakuwa nacho pale kwenye uzio. Angeniambia "Mwezi wa tatu nilimtetea, sasa nimeona si mtu" tungepiga stori mpaka usiku.

## Tusijione

Kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa Columbus, niliposimulia hii, dada mmoja Mkenya akaandika: "Na sisi na The Hague je?" Grupu likatulia kama dakika kumi hivi, sio kawaida yake.

Wakubwa mnakumbuka. Februari 2009 bunge la Kenya lilikataa mahakama ya ndani ya kesi za ghasia za uchaguzi, na wabunge wengi, Ruto akiwa sauti mojawapo, wakataka mambo yaende Hague, kwenye mahakama ya kimataifa ya jinai, kwa wazungu, ndio kwenye haki. Desemba 2010 Ocampo, mwendesha mashtaka wa Hague, akasoma majina sita na ndani yake mna Uhuru na Ruto. Kufika kampeni za 2013 mahakama ileile ikawa ya mabeberu inayowinda Waafrika, na yule mwanadiplomasia wa Marekani, Johnnie Carson, aliposema mnachochagua kina matokeo yake, ndio akawa kawapigia kampeni bure. Watu waliokuwa wanaimba Hague na waliokuwa wanailaani Hague, kwenye vijiji vingine, ni walewale. Hague haikuwa imehama hata hatua moja.

Dada yule hakuwa anatetea Wamarekani. Alikuwa ananiambia nisijifanye mgeni wa jambo hili, na amenipata.

## Aliyekaa kwenye sofa

Nimalizie na Rubio, maana nikimfikiria mzee nampata Rubio.

Mwaka 2016 kwenye kampeni Marco Rubio, seneta wa Republican, alikuwa anamwita Putin jambazi. Januari 2017 Rex Tillerson, aliyependekezwa na Trump kuwa waziri wa mambo ya nje, alipohojiwa Seneti, Rubio ndiye aliyembana mbele ya kamera zote: je, Vladimir Putin ni mhalifu wa kivita, ndiyo au hapana? Tillerson akawa anajikanyaga. Nilikuwa sijawahi kumpenda Rubio lakini siku ile nilimpigia makofi.

Februari 28, 2025, Rubio ndiye waziri wa mambo ya nje. Zelensky anafokewa na Trump na makamu wake Vance ndani ya Oval Office, dunia inatazama, na Rubio kakaa kwenye sofa kimya, mikono mapajani. Siku nne kabla ya hapo Marekani ilikuwa imepiga kura Umoja wa Mataifa pamoja na Urusi na Korea Kaskazini kulikataa azimio la Ukraine na Ulaya, azimio likapita kwa kura 93 dhidi ya 18. Kura hiyo ilipigwa chini ya wizara yake.

Watu walilitafsiri lile sofa kwa kila namna. Mi nilichokiona ni mwanaume anayejua fika alichokisema 2017, tofauti na jirani yangu, anakumbuka kila neno, na ameamua. Sijui kipi ni kibaya zaidi, kusahau kwa moyo mweupe au kukumbuka na kunyamaza. Mzee angalau analala usingizi.

Na ndio maana macho yangu yako 2028. Katiba hairuhusu Trump kugombea tena. Vance, ambaye siku chache kabla ya uvamizi wa 2022 alisema hajali kitakachoipata Ukraine, na Rubio wa swali la mhalifu wa kivita, wote wawili wanatajwa. Siku moja kwenye jukwaa la mdahalo mtu atawauliza: Urusi ni adui au sio adui? Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na kitu watatakiwa kulijibu wenyewe, na jirani yangu atatakiwa achague jibu kabla hajaambiwa ni lipi. Nimeshamwambia siku hiyo aje kwetu tuangalie pamoja. Kasema atakuja, mradi kuna pilau.